Hilux LN106: klachi inazama, riversi inalia, fundi anataka kushusha giaboksi. Nifanyeje?

Viazi_Njombe:

Wakuu heshima kwenu. Nina Hilux LN106 ya 1994, injini 3L dizeli, inapiga kazi ya kubeba viazi kutoka shambani kuleta Makambako na kurudi na mbolea. Tatizo langu ni klachi. Asubuhi ikiwa imelala nikiwasha gia zinaingia vizuri tu, ila nikishaanza kupanda milima na mzigo injini ikapata moto pedali inakuwa laini, inazama mpaka karibu na sakafu, namba moja inagoma na riversi ndo inalia kabisa. Nikipampu pedali haraka haraka inarudi kidogo na gia inaingia.

Kingine kinachonitisha, nikisimama nimekanyaga klachi gia ikiwa ndani nasubiri watu wapite, baada ya muda mfupi gari yenyewe inaanza kusogea mbele wakati mguu wangu uko chini kabisa. Juzi imenifanyia hivyo watoto wa shule wanavuka barabara, nikawahi breki, ila nimeogopa sana.

Mafuta kwenye kichupa cha klachi kwa macho hayajapungua ila yamekuwa meusi. Mwaka jana walibadilisha mpira wa slevu ya chini (silinda ya kule giaboksi inayosukuma klachi), masta ya juu (silinda inayosukumwa na pedali) haijaguswa tangu ninunue gari. Fundi wa hapa anasema klachi pleti imeisha, tushushe giaboksi tununue pleti, prescha (sahani inayobana pleti) na rilizi beringi (inayoisukuma prescha iachie) vyote kwa pamoja. Ukijumlisha na ufundi ni hela nyingi na msimu ndo huu umeanza. Sikatai kama kweli imeisha, ila kuna namna ya kujua tatizo liko kwenye haidroliki au liko ndani kabla hatujafungua chochote?

Kipanga255:

Mkuu ukiwa mlimani na mzigo, gia ya tatu, ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele tu mwendo hauongezeki? Na harufu ya kuungua unaisikia?

Viazi_Njombe:

Hapana mkuu, inavuta vizuri kabisa, harufu hakuna. Shida ni kuingiza gia na kusimama tu.

Fundi_Gerezani:

Basi usishushe giaboksi kwanza. Maelezo yako yanaelekea kwenye haidroliki na nakueleza kwa nini.

Pleti ikiisha gari inateleza, injini inalia gari haiendi, harufu inaingia mpaka ndani, na mara nyingi gia zenyewe zinaingia bila shida. Yako ni kinyume, inavuta vizuri ila klachi haiachii. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na mafundi wengi wanayaweka kwenye kapu moja la "klachi imeisha". Pleti iliyoisha haifanyi pedali izame, na hakuna kupampu kutakakoirudisha. Ukiona kupampu kunasaidia ujue kuna upepo kwenye mfumo au mafuta yanapita mahali yasipotakiwa kupita. Na ukiona umeshikilia pedali chini halafu gari inaanza kutembea taratibu, maana yake nguvu ya mafuta ilikuwepo ikawa inavuja wakati mguu wako uko palepale. Upepo hauna tabia hiyo, upepo pedali ingebonyea tangu mwanzo, hata asubuhi.

Mimi nashuku masta, mpira wa ndani. Ule mpira ukilika, au tundu la masta likishakula kutu, mafuta yanapita pembeni ya mpira na kurudi kwenye kichupa kilekile, ndo maana unaona hayapungui. Injini ikipata moto mafuta yanakuwa mepesi zaidi yanapita kirahisi, asubuhi yakiwa baridi mpira unajitahidi kuyazuia.

Ila usinunue kitu kwa sababu mimi nimesema, pima. Anza na injini imezimwa, pitisha gia zote. Zikiingia laini ikiwa imezimwa na zikagoma ikiwa inawaka, giaboksi haina kesi kubwa, klachi ndo haiachii. Halafu washa, kanyaga klachi mpaka mwisho, subiri kidogo ndo uingize riversi. Riversi kwenye gari nyingi za umri huu haina sinkronaiza (kifaa cha kusawazisha kasi za gia kabla hazijaingia), kwa hiyo ikilia baada ya kusubiri ujue injini bado inaizungusha shafti ya giaboksi, klachi haijaachia.

Kipimo chenyewe kiko chini ya gari. Zima injini, weka nyutro, vuta hendibreki na uzibe matairi kwa mawe, ndo uingie chini. Pale pembeni ya kengele ya giaboksi utaona slevu imefungwa kwa boliti mbili na kirodi chake kinasukuma foku (mkono unaosukuma rilizi beringi). Mtu akanyage pedali taratibu mpaka mwisho na ashikilie, wewe weka rula ukitazama kirodi kinatembea kiasi gani. Kikitembea vizuri, zaidi ya sentimita moja, na kikabaki palepale pedali ikiwa imeshikiliwa, haidroliki yako ni nzima na tatizo liko ndani: foku imepinda au imepasuka, kile kigololo kinachobeba foku kimelika, vidole vya prescha vimevunjika, pailoti beringi (ya ncha ya shafti ya giaboksi) imekamata, au pleti imeganda kwenye flaiwili (gurudumu zito la injini). Hapo fundi wako ana haki ya kushusha. Lakini kirodi kikitembea kidogo tu, au kikaenda halafu kikaanza kurudi chenyewe wakati mwenzako hajaachia mguu, giaboksi ibaki ilipo.

Ukiwa hukohuko chini vuta nyuma ule mpira wa vumbi wa slevu. Kukiwa na unyevu wa mafuta ndani yake slevu inavuja hata kama chini hakuna tone. Kisha panda juu, lala chali chini ya dashibodi na tochi, uangalie pushirodi ya masta inapoingia ukutani. Rangi iliyobabuka chini ya pale au kapeti lenye unyevu vinatosha kuisema masta, maana mafuta ya breki yanakula rangi.

Kuzitenganisha masta na slevu ni rahisi. Fungua paipu pale inapotoka kwenye masta, uzibe tundu kwa boliti butu yenye uzi sahihi na inayokaa vizuri, toa upepo uliobaki kwenye masta, kisha kanyaga. Pedali ikiwa ngumu na ikagoma kushuka, masta ni nzima, tafuta chini yake. Ikiendelea kuzama hata tundu likiwa limezibwa, umeshamjua mwizi. Kuna wanaobana hozi ya mpira kwa plaisi, mimi sipendi, hozi ya gari ya 1994 ikiumwa na meno ya plaisi unatengeneza tatizo jipya. Na hiyo hozi yenyewe ishike kwa mkono mwenzako akikanyaga, ukiisikia inavimba kwenye kiganja nayo inakula nguvu yako.

Mwanaspea:

Mimi kwangu huwa naongeza ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) kidogo kwenye klachi, pedali inakuwa laini na haikaukii. Jaribu hiyo kwanza kabla ya kuhangaika na mambo yote hayo.

Fundi_Gerezani:

Hapana ndugu yangu, hilo naomba asilifanye kabisa. Mipira ya masta na slevu imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki, ukiipa ATF au oili ya injini inavimba na kuwa laini kama maandazi yaliyolowa chai. Mwanzoni pedali inaonekana nzuri kwa sababu mpira uliovimba unaziba, baadae unakwama, klachi hairudi, na hapo hutabadilisha mpira mmoja, utabadilisha masta, slevu na hozi na kuosha paipu yote. Mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 basi, usiweke kitu kingine. Ile DOT 5 ya silikoni nayo usiichanganye humo.

Na wewe Viazi_Njombe kwa kuwa hujui waliokutangulia waliweka nini, chota mafuta kidogo kwenye kichupa udondoshee kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki ya kawaida yanachanganyika na maji. Yakielea juu kama mchuzi wenye mafuta tuambie, hapo stori itabadilika.

Gari_Pwani:

Salamu kutoka Mombasa. Yote aliyosema fundi ni sawa lakini kuna kitu kimoja kwa hizi pikapu za zamani watu hawakiangalii, ule ukuta wa bati ambao masta imefungiwa. Klachi inakanyagwa maelfu ya mara kila mwaka, bati linachoka, linapata ufa kuzunguka zile boliti za masta au mahali breketi ya pedali imechomelewa. Ukikanyaga pedali nguvu nyingine inaishia kukunja bati, kirodi kinatembea kidogo na mafundi wanabadilisha masta tatu mfululizo bila kupona.

Fungua boneti, mwambie mtu akanyage, wewe tazama masta yenyewe siyo pedali. Masta haitakiwi kutingishika. Ukiiona inasogea mbele na kurudi na bati linapumua nalo, hiyo ni kazi ya mtu wa welding. Pia ile pini inayounganisha pedali na pushirodi, ichunguze kama imelika. Nimeona pini imekuwa nyembamba katikati na tundu la pedali limekuwa refu kama yai, pedali inashuka vidole viwili kabla haijaanza kusukuma chochote, mwenye gari anahangaika na mafuta wakati dawa yake ni pini mpya na kujaza tundu la pedali.

Viazi_Njombe:

Asanteni sana wakuu, nimefanya vipimo leo na shemeji yangu akiwa kwenye pedali.

Injini imezimwa gia zote zinaingia laini, ikiwaka riversi inalia hata nikisubiri. Kirodi cha slevu kikaenda vizuri mara ya kwanza, alivyoshikilia pedali nikakiona kwa macho yangu kinarudi pole pole, rula ikaonyesha kimeshuka karibu nusu ya safari, na shemeji anasema mguu haujainuka. Mpira wa vumbi wa slevu mkavu kabisa ndani. Hozi haivimbi. Mafuta kwenye maji yamechanganyika, hayaelei. Masta haitingishiki, bati zima, pini ina uchezaji kidogo tu.

Kile kipimo cha kuziba tundu la masta alikifanya fundi mwenyewe nilipomwonyesha maelezo ya hapa. Pedali ikazama vilevile. Akakubali kabisa kwamba giaboksi haina haja, nikafurahi maana ni mtu mzuri na tunafanya nae kazi siku nyingi.

Sasa maswali mawili. Ninunue kiti (seti) ya mipira tu au masta nzima? Na duka moja limeniletea masta wanasema "inaingia Hilux zote", ya kwangu ya zamani imeandikwa 11/16 ubavuni na hiyo mpya imeandikwa 5/8. Boliti zinalingana na paipu inaingia. Nichukue?

Fundi_Gerezani:

Usichukue. Zile namba ni kipenyo cha tundu kwa inchi, 11/16 ni milimita 17.5 hivi na 5/8 ni karibu 15.9. Inaonekana tofauti ndogo lakini mafuta yanasukumwa na eneo la pistoni, siyo kipenyo, ukipiga hesabu hiyo ndogo inasukuma mafuta pungufu kwa asilimia 17 hivi kwa mkanyago uleule. Pedali itakuwa nyepesi utaipenda, lakini kirodi cha slevu kitasafiri kifupi na klachi haitaachia vizuri, utarudi hapa unatuambia riversi bado inalia. Na slevu ni vivyo hivyo kwa upande wa pili, ukiweka slevu yenye tundu kubwa kuliko ile ya mwanzo safari inapungua. Chukua namba ileile ya kwako. Akikwambia zote ni sawa muombe akuonyeshe maandishi ubavuni.

Kuhusu kiti, fungua masta kwanza uioshe kwa mafuta ya breki, ukaushe tundu kwa kitambaa safi na utie tochi ndani, upitishe na kidole. Likiwa linang'aa na laini kote, kiti inatosha na itadumu. Ukiona vidoa vyeusi vilivyochimbika au kidole kikisikia mchubuko, usiweke kiti. Mpira mpya ukipita kwenye shimo la kutu unachanika, na kuna mafundi wanasugua na msasa mpaka ling'ae, wanakuwa wamelipanua na mpira haubani tena. Masta nzima ya kampuni inayoaminika, au kama oriji haipatikani huko, mpelekee fundi mashine mzuri akuvishie slivu (bomba jembamba la ndani ya tundu) ya stenlesi au shaba kwa kipimo kilekile. Hiyo nimeona inadumu sana.

Hiyo miaka yote unayosema masta haijaguswa na mafuta yamekuwa meusi, mimi natabiri utakuta kutu. Mafuta ya breki yanavuta maji ya hewani. DOT 3 ikiwa mpya kiwango chake cha kuchemka hakitakiwi kuwa chini ya nyuzi 205, ikishashika maji kiwango kinachokubalika kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Maji hayohayo ndo yanaozesha tundu.

Bi_Landani:

Mimi niongezee kwenye kutoa upepo maana watu wengi wanafunga masta mpya nzuri halafu wanalaumu spea kwa sababu upepo umebaki. Nawashauri msukume kutoka chini kwenda juu. Unapata bomba la sindano kubwa jipya na mpira wa plastiki unaobana kwenye nipo (skrubu ya kutolea upepo) ya slevu, unajaza mafuta mapya, unatoa upepo wote kwenye mpira kwanza, ndo unafungua nipo na kusukuma taratibu. Mapovu yenyewe asili yake ni kupanda juu kwa hiyo unayasaidia, unayaona yanatoka kwenye kichupa moja moja. Mtu mmoja awe juu na sindano nyingine anapunguza kichupa kisimwagike, na maji yawe karibu, yakimwagika kwenye rangi mwaga maji mengi hapohapo, usifute kwa kitambaa kikavu.

Ila kabla ya hapo toeni yale mafuta meusi yote, msiyasukume uchafu kupanda kwenye masta mpya. Na nipo ya slevu iwe juu, kuna gari nimekuta slevu imefungwa nipo ikitazama chini, huwezi kumaliza upepo hata ukeshe.

Viazi_Njombe:

Mzee Fundi_Gerezani shikamoo. Umesema kweli, tundu la masta lina mashimo ya kutu upande wa chini, kidole kinasikia kabisa, na mpira wa mbele una mfereji mmoja umekatika kwa urefu. Nimeagiza masta nzima 11/16 imetoka Dar jana kwa basi, leo tumefunga. Dada Bi_Landani njia yako ya sindano imetoa mapovu mpaka nikashangaa yalikuwa yamekaa wapi.

Pedali sasa inakamata juu, riversi inaingia kimya. Nimeshikilia klachi gia ikiwa ndani injini ikiwa moto kabisa na gari haijasogea hata kidogo. Ila pedali haina uchezaji hata kidogo juu, ukiigusa tu inakuwa imeshaanza kusukuma. Fundi anasema ndo nzuri. Ni sawa?

Fundi_Gerezani:

Marahaba. Hapana, hapo bado, na usiipeleke na mzigo kabla hujarekebisha. Pushirodi ikiwa inaigusa pistoni muda wote, pistoni hairudi mpaka mwisho na ile njia ya mafuta kurudi kwenye kichupa haifunguki. Ukitembea mafuta yanapata moto yanatanuka hayana pa kwenda, yanaanza kuisukuma klachi yenyewe kana kwamba umeikanyaga kidogo, na hapo ndo pleti nzima inaanza kuteleza na kuungua kweli, mnashusha giaboksi kwa sababu ya nati moja.

Legeza nati ya kufungia kwenye pushirodi, izungushe kidogo kidogo uifupishe. Sukuma pedali kwa kidole, pale juu kuwe na uchezaji mwepesi wa pushirodi kati ya milimita 1 na 5 ukipima kwenye pedali, na uchezaji wote mpaka usikie uzito wa prescha uwe milimita 5 hadi 15. Ukifika hapo kaza nati, kanyaga mara kadhaa, upime tena kwa sababu nati ikikazwa huwa inazungusha rodi kidogo.

Viazi_Njombe:

Tumerekebisha, juu kuna milimita 3 na jumla kama 10. Nimepanda nayo mlima na gunia za viazi nimerudi, pedali ileile asubuhi na mchana. Slevu niiache au niibadilishe nayo?

Fundi_Gerezani:

Kama mpira wake wa vumbi ni mkavu iache, ila iangalie kila ukimwaga oili ya injini kwa miezi michache ijayo. Masta mpya inasukuma kwa nguvu zaidi ya ile iliyokuwa inavuja, slevu iliyokuwa inajificha huwa inaanza kutoa unyevu hapo. Ukivuta mpira ukakuta umelowa, badilisha kabla kichupa hakijaanza kushuka, na ukiwa huko chini badilisha na ile hozi, ni ya 1994.